Kila Anayekula Katika Nyumba Hii

Choo cha baba yangu kilipata mlango kabla ya kanisa letu. Nasema hivi kwa heshima zote zinazostahili choo. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nzito, na bawaba zake za chuma zilibebwa kichwani kutoka Kampala. Siku ulipotundikwa, baba, Zefaniya Mutyaba, chifu wa gombolola, yaani tarafa, ya Nakitembe, aliufungua na kuufunga, akaufungua tena na kuufunga tena, mbele ya watu waliopiga magoti, kisha akatangaza kwamba sasa tumestaarabika. Wanawake wakapiga vigelegele. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama miaka yote hiyo tulikuwa tukingojea bawaba.

Amri ya vyoo ilitoka kwa baraza la jimbo, baada ya ugonjwa wa kuhara damu kupita vilimani kwetu kama mtoza kodi, nyumba kwa nyumba bila kuruka hata moja. Ilisomwa kanisani kila Jumapili baada ya ibada, mpaka watoto wakawa wanaiimba wakiruka kamba: kila anayekula katika nyumba atatumia shimo la nyumba hiyo, wala asionekane kichakani, shimo moja kwa kila nyumba, lenye kina cha watu wawili waliobebana mabegani, lenye paa na kifuniko.

Ilikuwa amri nzuri. Naomba niliseme hilo mapema, nisije nikadhaniwa adui wa vyoo. Mjomba wangu Nasani alikufa kwa kuhara damu, yeye, mkewe na watoto wao, na kisima walimokuwa wakichota maji kilikuwa chini ya mteremko ambao kila mtu alijua watu huendea nini huko. Na shuleni kwetu, shule ya bweni ya mabibi wa misheni, tulionyeshwa inzi ndani ya kioo cha kukuzia, akiwa mkubwa kama kuku na mchafu kuliko kuku. Tangu siku hiyo mimi na mashimo marefu tuna uhusiano mwema.

Watu wa Nakitembe walichimba. Walichimba kwa utii wa kupendeza, kisha wakayatunza mashimo yao kwa usafi usio wa kawaida, kwa sababu hakuna aliyeyaingia. Bwana afya wetu, kijana aitwaye Erifazi, aliyevaa kofia ya jua hata ndani ya nyumba, alikuwa na fimbo ndefu ya kupimia kina. Siku moja aliizamisha kwenye shimo la mzee Kalibbala, akaitoa ikinukia ndizi mbivu.

"Kalibbala! Umevundika ndizi za pombe kwenye choo?"

"Bwana afya, ulisema niwe na shimo. Nikawa nalo. Hukusema likae bure."

"Na wewe mwenyewe unakwenda wapi?"

"Mimi? Nina mkwe hapa nyumbani. Nitaingiaje mahali anapoingia mkwe wangu?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawaketi mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja hujitupa majanini mpaka mwenzake apite. Anayevunja mwiko huo hupatwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka, mikono na kichwa, maisha yake yote. Sasa basi, mara baada ya maneno ya Kalibbala kusikika, kila mwanamume wa Nakitembe aligundua kwamba ana mama mkwe. Wengine walikuwa wamemzika zamani, nao wakamfufua. Gombolola nzima ikarudi vichakani kwa sababu ya heshima.

Baba aliitisha baraza. Alisimama na kanzu yake nyeupe na koti jeusi, akasema kwa sauti ya mimbarini, "Obuko ni mambo ya gizani. Sisi ni watu waliobatizwa. Shimo ni moja, na sheria haina mkwe. Atakayesema habari ya mkwe tena mbele yangu atachapwa viboko sita."

Watu wakasema, "Ndiyo, Bwana Chifu." Halafu, kwa adabu kubwa kabisa, wote wakageuza macho kuelekea migomba iliyo nyuma ya nyumba yetu, ambako palikuwa na kibanda cha bibi.

Bibi yangu Zalwango, mama wa mama yangu, ndiye aliyemzaa Nasani. Alipozikwa Nasani na nyumba yake yote, bibi hakubakiwa na mtu isipokuwa mama, na mama alikuwa mke wa chifu. Kwa kawaida mama mkwe hakai kwa mkwewe. Lakini baba ndiye aliyesema aletwe. Nampa haki yake. Alimjengea kibanda mwisho wa migomba, kikiwa kimeipa mgongo nyumba kubwa, ili wawili hao waweze kuishi mahali pamoja bila kukutana kamwe. Waliishi hivyo vizuri sana. Baba akienda kanisani alikohoa njiani, na bibi akisikia kikohozi alitoweka kama panya.

Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Baba akitaka kumsalimu, ananituma. Bibi akitaka kumshukuru kwa nyama, ananituma. Nikiwa likizo nililala kibandani kwake. Aliniita mke mwenzangu, kwa madai kwamba marehemu babu angenioa mimi kama angeniona mapema, na kwamba ningemtesa vya kutosha kulipiza yote aliyomtesa yeye.

Habari za choo alizipokea bila hasira. "Mashimo ni kitu chema," alisema akivuta kiko chake. "Kama Nasani angekuwa nalo, ningekuwa kwake leo, nikigombana na mkewe. Nichimbieni langu na mimi, mke mwenzangu. Nitakaa humo mpaka mniite."

Lakini lake halikuwepo. Lilikuwepo la baba, lenye bawaba. Kwa hiyo kila alfajiri bibi alikwenda migombani na jembe lake dogo, akafukia kama paka, akarudi. Hakuna inzi aliyepata faida yoyote kwake. Hilo halikumzuia Erifazi kumngoja nyuma ya mgomba asubuhi ya Jumatatu, na kofia yake kichwani.

Kesi ilisikilizwa barazani, na watu walijaa kama kwenye harusi ya tajiri. Kalibbala alifika mapema akaketi mbele kabisa. Kila mtu alitaka kuona jinsi mwanamume atakavyomhukumu mama mkwe wake bila kumwona. Lilipatikana jawabu: mkeka ulitundikwa katikati ya ukumbi. Upande huu alikaa baba kitini, upande ule bibi chini, na mimi nikasimama kwenye ukingo wa mkeka, sehemu ambayo ingeweza kumtia mtu kiburi.

"Muulize mshtakiwa," alisema baba, "kama ni kweli alionekana migombani."

Bibi alikuwa hatua chache tu kutoka kwake na masikio yake yalikuwa mazima. Lakini utaratibu ni utaratibu. Nikageuka.

"Bibi, Bwana Chifu anakusalimu. Anauliza umeamkaje."

"Mwambie nimeamka na askari mgongoni."

"Bwana Chifu, anasema ameamka salama, na anaishukuru serikali kwa ulinzi."

Ukumbi ukacheka. Kalibbala alijipiga paja. Baba akanikazia macho.

"Yayeri! Nitakurudisha kwa mabibi zako leo hii. Nimeuliza kama alionekana."

Erifazi akainuka kabla sijafungua kinywa. "Mimi nilimwona, Bwana Chifu! Kwa macho yangu mawili!"

"Mke mwenzangu," bibi akasema nyuma ya mkeka, bila haraka, "muulize huyo mtoto, mama yake anajua kwamba huamka alfajiri kwenda kuchungulia wajane?"

Sikuhitaji kulipeleka hilo. Lilijipeleka lenyewe. Ilibidi askari wapige sakafu kwa fimbo ili watu wanyamaze, na Erifazi aliketi chini ya kofia yake akabaki kofia tu.

Baba akangoja kimya kirudi. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mimbarini. "Muulize kwa nini hatumii choo. Kipo. Ni kizuri. Kwa nini?"

Bibi alikunja miguu yake vizuri pale chini. Kisha akasema, "Mwambie mkwe wangu hivi. Tangu alipomchukua binti yangu sijatamka jina lake. Sijakanyaga kivuli chake. Nikisikia kikohozi chake naingia miibani, na nguo zangu zote zimechanika kwa ajili ya kumheshimu. Leo ananiambia nikavue nguo pale anapovua yeye. Mwambie aniambie ni kosa gani nimemkosea."

Hayo niliyapeleka kama yalivyo. Hayakuwa na nafasi ya kutiwa chumvi. Hakuna aliyecheka. Wanawake waliokaa nyuma wakaanza kunong'ona, na nilimwona baba akiutazama mkeka kana kwamba anaona kilicho nyuma yake. Nilidhani atasema litachimbwa lingine. Nadhani hata yeye alidhani hivyo. Lakini Kalibbala alikuwa ameinamisha shingo mbele, anangoja. Na nyuma ya Kalibbala gombolola nzima ilikuwa inangoja, kila mtu na mkwe wake mfukoni.

"Sheria haina mkwe," alisema baba. "Mwingine angechapwa. Yeye ni mzee, viboko namsamehe. Lakini kuanzia leo, kila anayekula katika nyumba yangu atatumia choo cha nyumba yangu, na yeye ni mmoja wao. Askari atasimama migombani mchana na usiku."

"Rudia hapo," bibi akaniambia. "Kila nani?"

"Kila anayekula, bibi."

"Anayekula." Alilionja neno hilo. "Haya. Mwambie mkwe nimesikia, na nitatii."

Baba alishusha pumzi, akatabasamu. Mimi sikutabasamu. Bibi hakuwahi kutii jambo lolote kwa maneno machache namna hiyo.

Jioni mama alimpelekea matoke yaliyofungwa kwenye majani, na mchuzi wa karanga. Bibi alifungua majani, akanusa kwa furaha, akafunga tena.

"Rudisha, Eseza. Mimi si miongoni mwa wanaokula."

"Mama, mzaha gani huu?"

"Mzaha ni wa mkwe. Mimi nafuata sheria."

Siku zilizofuata Nakitembe haikuzungumza jambo jingine. Wanawake walikuja mpaka kwenye ua wakamsalimu kwa magoti, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesalimu kaburi la mfalme. Mabibi wa nyumba nyingine wakaanza kuomba amri isomwe upya, polepole, neno kwa neno. Erifazi alitumwa kuja kurekebisha maana.

"Bibi," alisema, amesimama mbali, "kula ni pamoja na kunywa. Na wewe unakunywa maji."

"Imeandikwa hivyo?"

"Haikuandikwa. Ndiyo maana yake."

"Basi mwanangu, maana kamsomee askari. Mimi nilisomewa maneno."

"Bibi, utakufa."

"Unaona? Bwana afya amegundua ugonjwa." Akacheka mpaka akakohoa. "Vua hiyo kofia, unatokwa jasho. Kaa kivulini."

Erifazi alivua kofia. Alikuwa na kichwa kidogo cha mtoto wa shule. Alikaa kivulini kwa muda, kisha akaondoka bila kupima kitu.

Nami sikukaa bure. Nilisaga ufuta nikauchanganya kwenye kibuyu chake cha maji. Akaunusa, akauliza kama shuleni kwetu maji huota mbegu, akawamwagia kuku. Nilimwambia nimeota babu anamwamuru ale. Akasema babu hakuwahi kumwamuru ale, alimwamuru apike. Niliiba kifuniko cha choo cha baba nikakitupa bwawani, nikiamini kwamba choo kisicho na kifuniko si choo kisheria; kufikia mchana kilikuwa kimechongwa kingine, kizuri zaidi. Kila hila niliyoijua niliitumia. Hila zangu zote zilikuwa za kuwatoa watu njiani, na bibi alikuwa amesimama kwenye njia iliyonyooka.

Mchana mmoja, nikiwa nakaanga kahawa nyuma ya nyumba, nilimsikia mama barazani akizungumza na baba. Alikuwa amepiga magoti. Hilo nililijua kwa sauti yake, kwa sababu sauti ya mtu aliyepiga magoti hutoka chini.

"Nitachimba mwenyewe, bwana. Kwa mikono yangu. Nyuma ya kibanda, hakuna atakayeona."

"Erifazi ataona. Akiona yeye ataona Mkuu wa Jimbo. Ukaguzi umekaribia, Eseza."

"Ni mama yangu."

"Na hawa wote? Nilisimama mbele yao nikasema obuko ni uongo. Nikichimba la pili watasema chifu mwenyewe anaogopa, na watarudi vichakani kesho. Halafu watakufa akina nani? Watoto. Kama wa Nasani."

"Nasani alikuwa kaka yangu," mama alisema. "Usimtume kwangu."

Kahawa yangu ikaungua na sikuigusa.

"Ukaguzi ukishapita," baba akasema hatimaye, "nitamchimbia. Taratibu, bila kelele. Yayeri ampelekee habari. Ale leo, akubali kwa mdomo tu mbele ya askari, na mengine tutayamaliza sisi wenyewe."

Nilikimbia mpaka kibandani. Nilikuwa nimeshinda, ndivyo nilivyodhani. Bibi alikuwa amelala ubavu, mikono yake imekuwa myembamba kama mianzi ya kiko, lakini aliposikia alicheka kwa furaha ya kweli.

"Kumbe ardhi bado ipo! Nilidhani imekwisha."

"Kwa hiyo utakula?"

"Mwambie mkwe wangu: alilolisema barazani, alitengue barazani. Aseme tu kwamba mtu anaweza kumheshimu mkwe wake na bado akawa na choo. Hayo ya kunong'onezana siyasikii. Masikio yangu yamezeeka."

Nilimpelekea baba. Sikuongeza kitu, sikupunguza. Alinisikiliza, akaniuliza kama ile harufu ilikuwa ya kahawa iliyoungua, kisha akatoka kwenda kuzipaka bawaba mafuta.

Nilirudi nikalala kando ya bibi. Jua lilikuwa bado juu na kibanda kilikuwa na joto, lakini yeye aliomba nimfunike.

"Kula kidogo, bibi. Kwa ajili yangu."

"Nikila nitakwenda. Nikienda nitakwenda wapi?"

"Kwa baba. Ni choo tu. Tuliona shuleni, hakuna ugonjwa wa kutetemeka unaotoka kwa wakwe. Mabibi walisema."

"Labda. Hawana wakwe, hao mabibi zako, wangejuaje?" Alivuta pumzi. "Na baba yako akianza kutetemeka, nani atakulipia hiyo shule?"

Nilikaa kitako. "Unaogopa atetemeke yeye?"

"Ulidhani nani? Mimi mzee. Nikitetemeka nani ataona tofauti?"

Siku zote hizo nilidhani anapigana naye. Gombolola nzima ilidhani hivyo, na ilifurahia.

Bibi alikufa asubuhi ya ukaguzi. Mama ndiye aliyemkuta, alipompelekea maji. Alitoka mlangoni, akafungua kinywa kupiga yowe, kama inavyopasa mtu afiwapo kwetu: yowe linalosikika mpaka kilima cha pili, ili kila nyumba ijibu na waliobeba majembe wayaweke chini.

"Eseza."

Baba alikuwa amesimama mwanzoni mwa migomba, amekipa kibanda mgongo kama mwiko unavyotaka. Hakugeuka hata wakati huo. "Wamekwisha vuka mto. Kukisikika kifo hapa watafunga nyumba kwa hofu ya ugonjwa, na kazi ya watu wote hawa itakuwa bure. Nakuomba. Mpaka waondoke tu."

Mama alibaki kinywa wazi. Kisha akashika pindo la gauni lake la busuti, akalisokomeza kinywani, akaliuma. Sijui kwa nini alikubali. Aliingia jikoni akaanza kufungua majani ya matoke ya wageni, na pindo likiwa bado kati ya meno yake.

Mkuu wa Jimbo alifika juu ya nyumbu mweupe. Alikuwa mzee mnene, mwema wa kutazama, aliyependa kila alichoonyeshwa. Aliupenda mlango. Aliufungua na kuufunga. Erifazi alizamisha fimbo, akaitoa, akataja kina kwa sauti iliyokauka, na waandishi wakaandika. Wageni wakakaa kivulini. Mimi nilipita kwa magoti na kikapu cha buni za kutafuna, na mama akapita nyuma yangu na maji ya kunawa.

"Mutyaba," Mkuu alisema, akitafuna, "nimezunguka jimbo zima, sijaona utulivu kama huu. Hata kuku wako wana adabu. Na kile kibanda kule nyuma? Choo chake kiko wapi?"

Baba alikuwa ameshika kikombe cha chai kilichojaa. "Kule hakuna mtu anayekula, Bwana Mkuu."

Jibu hilo lilikuwa la kweli. Kisheria halikuwa na dosari hata moja. Nilitazama mikono yake, na naapa nilimwona Kalibbala, aliyejipenyeza uani na wazee wengine, akiitazama vilevile. Wote tulikuwa tunaitazama. Haikutetemeka. Chai ilitulia kikombeni kama maji ya kisimani. Bibi alikuwa amehakikisha hilo.

"Ni ghala?" Mkuu aliuliza.

Baba alipeleka kikombe mdomoni. Mkuu akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa karibu na watoto husemeshwa wakati watu wazima wamekwama. "Ni ghala, binti?"

"Hapana, Bwana Mkuu," nilisema. "Ni mama mkwe wa Bwana Chifu. Anafuata sheria."

Beseni likaanguka. Mama alikuwa amelitoa pindo kinywani, na yowe lililokaa ndani tangu asubuhi likatoka lote. Nyumbu alikata kamba. Kutoka kilima cha chini nyumba moja ikajibu, halafu nyingine, halafu zote, na watu wakaanza kuja mbio kwa njia zote, wakipita katikati ya wageni bila kuwasalimu.

Mkuu wa Jimbo aliweka kikombe chini, akavua kofia. Akamuuliza bwana afya ni ugonjwa gani. Erifazi alimtazama baba, akaitazama fimbo yake.

"Uzee, Bwana Mkuu."

Mkuu alimgeukia baba. "Tangu lini?"

"Asubuhi."

"Na ukaninywesha chai." Alitikisa kichwa polepole. "Wewe ni mtu wa kazi, Mutyaba."

Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa tusi. Baba alilipokea kama sifa, na huenda alikuwa sahihi, maana kabla likizo yangu haijaisha ilikuja habari kwamba amepandishwa cheo, apelekwe gombolola kubwa zaidi ya upande wa ziwa, ambako watu walisemekana kuwa wabishi.

Bibi tulimzika kwao, kando ya Nasani. Kwetu wakwe huleta nguo za mbugu, zile za magome ya mti yaliyopondwa, za kumsitiri marehemu, na mkwe wa kweli huleta iliyo bora. Baba alikuja kwa baiskeli, peke yake, amefunga nyuma mbugu nyekundu, laini, pana kuliko zote zilizoletwa siku ile. Hakusogea karibu. Alisimama ng'ambo ya njia, ameyapa makaburi mgongo, akanipa niipeleke.

Niliiweka mbele ya mama. Aliipapasa kwa kiganja chote, maana ilikuwa nzuri kweli, kisha akaikunja upya, kona kwa kona, akanirudishia mikononi.

"Niseme nini?" nilimuuliza.

Mama alikuwa ameshageukia kaburini.

Nikavuka njia nikampa. Baba aliishika, akanitazama usoni akingoja maneno, na mimi sikuwa nayo. Akaifunga tena nyuma ya baiskeli, kwa haraka, vibaya. Hakufika mbali. Upande mmoja wa mbugu uliteleza ukaingia kwenye mnyororo, gurudumu likakwama, akashuka. Akachuchumaa njiani na koti lake jeusi, akaanza kuivuta kidogokidogo, nayo ikawa inachanika na kutoka na grisi. Waombolezaji wote walikuwa wanaona. Watu wa Nakitembe walikuwepo, Erifazi alikuwepo, Kalibbala alikuwepo. Hakuna aliyekwenda kumsaidia, na mimi sikwenda.